Bega la Kushoto la Mama Anjela

Mama Anjela,

Shikamoo. Ni saa ya chakula cha mchana, wenzangu wameshuka kantini, nami nimebaki humu chumba cha eko, kwenye mashine yetu ya kupimia moyo, peke yangu. Nimekaa kwenye stuli yako, karatasi nimeiweka juu ya kitanda, naandika. Ungenikuta hivi ungeniuliza kwanza kama chupa za jeli nimeshazifuta. Nimeshazifuta, Mama.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike kule kwenu Mgeta, na bado sijapanda kuja kukuona. Mara mbili nimefika stendi, mara mbili nimegeuza nikarudi nyumbani. Watu wakiniuliza nasema kazi zimenibana. Uongo mtupu. Kuna jambo nililinyamazia siku ya mazishi yako, mbele ya ndugu zako wote, na sikuwa na uso wa kusimama juu ya kaburi lako kabla sijalisema. Wiki iliyopita nimelisema. Ndiyo maana leo nimepata nguvu ya kukuandikia.

Lakini ngoja kwanza nikupe habari za hapa, maana barua isiyo na habari wewe ulikuwa huihesabu kuwa barua.

Kitanda kimekuja. Ndiyo, kile kile ulichokiomba mpaka ukachoka. Kina kipande cha godoro kinachoshuka pale ubavuni, ili mgonjwa akilala ubavu wa kushoto mkono wa mpimaji upite kutokea chini, usigombane na ukingo wa kitanda. Nilipokiona nilikumbuka siku uliyokuja na kisu cha jikoni kutoka kwako Mwembesongo ukakata godoro la hospitali. Ulitoboa tundu la ukubwa wa sahani, ukalibeba kwa fundi cherehani akalizungushia kitambaa cha mpira, na kabla ya saa mbili asubuhi limesharudi kitandani. Matroni alishika kichwa. Ukapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma, ukaibandika nyuma ya mlango, na wagonjwa wakaendelea kulala kwa raha. Lile godoro walitaka kulichoma moto. Nimelichukua mimi. Nalilalia kwangu, tundu nimeligeuzia upande wa miguu.

Kiti chenye mgongo nacho kimekuja, na mto wa kuegemeza kiwiko. Ukutani kuna tangazo: wagonjwa wa eko ni kumi kwa siku, na baada ya kila mgonjwa mpimaji apumzishe mkono dakika kumi. Wewe ulikuwa unafika hadi ishirini. Ukiambiwa kuna mama ametoka Gairo na basi la alfajiri, hata kama umeshavua koti, unasema aingie. Vyote hivi vililetwa mwezi mmoja baada ya mazishi. Mkuu wetu wa idara alisimama hapa akasema ni kwa heshima yako. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, lakini kwa kweli nilitamani kumrushia chupa ya jeli. Ulikuwa hapa miaka yote ile, ukiomba mto tu.

Mama, chumba hiki bila wewe hakikaliki. Naingia asubuhi nawasha mashine, namimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye beseni, natumbukiza chupa za jeli zipate uvuguvugu, kama ulivyokuwa ukifanya, na muda wote huo nasubiri sauti yako pale mlangoni. Bado nasubiri, mtu mzima na akili zangu.

Unakumbuka ulivyonifundisha habari ya jeli? Nilikuwa nimetoka chuoni Dar es Salaam, najiona mjuzi. Akaingia bibi mmoja aliyeshuka kutoka Matombo, ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya milimani imeshuka hadi mjini. Nikampaka jeli kifuani bila kusema neno, nikaanza kazi. Yule bibi alipiga kelele hadi watu wa foleni wakasimama. Wewe hukunigombeza. Ulisubiri wagonjwa waishe, ukafunga mlango, ukaniambia, "Idrisa, vua shati, lala." Ukanipaka jeli ya baridi kama barafu, ukanikandamiza ile probu, kile kichwa cha mashine, katikati ya mbavu, ukanyamaza. Ulikuwa unatazama kioo cha mashine huku umekunja uso. Dakika ya kwanza nilikuwa nacheka. Ya tatu nikaanza kutokwa na jasho. Ya tano nikakuuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Mama, umeona nini?"

"Sijaona kitu, una moyo mzuri tu," ulisema ukinipa kitambaa nijifute. "Nilitaka ujue wanavyojisikia."

Tangu siku ile sijawahi kunyamaza mbele ya mgonjwa. Hata nikikuta jambo zito naendelea kuzungumza, nauliza habari za mahindi, za wajukuu, za mvua, kama ulivyonifundisha. Na akina mama nawapa kanga wajifunike wenyewe, wainue wenyewe, nami macho yangu yanabaki kwenye kioo. Mimi mwanaume, na wanawake wengi waliokuwa wanataka kukimbia walikubali kwa sababu tu wewe uliwaambia kwa Kiluguru kwamba huyu kijana ni wa kwangu.

Mkono wa kushoto pia nimejifunza. Ulinisimulia mwenyewe ulivyoanza. Zamani ulikaa nyuma ya mgonjwa kama tunavyofundishwa wengi wetu, ukapitisha mkono wa kulia juu ya mwili wake hadi kifuani. Siku moja mama mmoja akagoma, akasema hawezi kukumbatiwa kwa nyuma na mtu asiyemwona uso. Wenzako wakacheka. Wewe ukahamisha mashine upande wa pili wa kitanda, na ukiwa umeshapita miaka arobaini ukajifundisha upya kazi nzima kwa mkono wa kushoto, ili mgonjwa akifumbua macho akuone.

Ndiyo maana bega lako lililouma lilikuwa la kushoto. Na sasa nimefika kwenye lile nililotaka kukuambia.

Humu ndani kuumwa bega si habari. Wewe la kushoto, mimi la kulia, tyubu moja ya dawa ya kuchua inakaa kwenye droo pamoja na kalamu, na chumba kizima kinanuka hiyo dawa. "Bega hili nimelipata kazini," ulikuwa unasema, "na siku nikistaafu nitawaachia papa hapa." Tulikuwa tunacheka. Ukisema leo limezidi, nilikuwa nakusogezea tyubu bila hata kugeuza kichwa.

Ijumaa ile nilirudi kutoka msikitini nikakukuta umekaa kwenye ngazi za nyuma, mkono umeupakata. Mawingu yalikuwa yamefunika Uluguru, watu wamevaa masweta, wewe jasho linakutiririka. Ukaniambia bega leo limevuka mipaka, limepanda hadi kwenye taya. Taya, Mama. Mimi na wewe tunajua maana ya bega la kushoto na taya na jasho la baridi. Angekuwa mtu wa kwenye foleni ungemkimbiza kwa daktari kwenye kiti cha magurudumu, na mimi ningekuwa nakufungulia milango.

Nikakuambia, "Mama, njoo ulale nikuangalie moyo kidogo."

Ulinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, ukacheka. "Wewe? Ukishanivua nguo mimi, kesho hiyo shikamoo utaitoa wapi?"

Nikacheka na mimi. Na hapa nisikilize vizuri, maana neno lenyewe ni hili. Nilifurahi ulipokataa. Nilishusha pumzi. Nimepima wanawake wengi sana, wazee kwa vijana, lakini wewe ulinipikia uji wiki nzima nilipolazwa na malaria, wewe ndiye uliyekwenda Gairo kumtuliza mama yangu niliposema naoa. Wazo la kukuona umelala pale bila blauzi lilinitia aibu hadi masikioni, na ulipokataa nikajiona nimenusurika. Mimi ndiye niliyenusurika.

Ningeweza kumwita daktari wa zamu. Ningeweza kumwambia nesi akufunge nyaya za ECG za kupima mapigo ya moyo, naye mwanamke mwenzako, chumba chake kiko hatua ishirini kutoka pale ulipokaa. Lakini wewe ulishacheka, mimi nilishacheka, na jambo likawa limekwisha. Nilikwenda kwenye droo nikakuletea tyubu. Ukajipaka, ukainuka, ukapima wagonjwa wawili wengine, ukaniaga.

Jumamosi ulipanda Mgeta kwa mdogo wako, mama mdogo Felista. Jumapili baada ya misa, mkiwa njiani kurudi kwake, ulianguka. Vijana walikubeba kwenye machela ya miti hadi hospitali ya misheni, ukafika bado unapumua, na daktari alichowahi kusema ni kwamba ni moyo. Mimi nilipigiwa simu nikiwa nafua nguo. Nilikaa chini palepale uani, shati limelowa mkononi.

Tulikupandisha kwa zamu hadi makaburini, na mimi nililibeba jeneza lako kwenye kile kilima chenye utelezi, kwa bega langu bovu, na sikutaka mtu anipokee. Kisha yule mzee wa utawala wa hospitali aliyetuwakilisha akasimama akasoma wasifu wako. Akasema umetutoka ghafla, bila dalili yoyote. Watu wakaitikia kwa kuguna. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kaburini, udongo mwekundu umejaa kwenye viatu, nikaendelea kuvitazama hivyo viatu. Nilikuwa na dalili zote kichwani, na saa zilipoonekana, na mahali. Nikanyamaza. Mama mdogo Felista alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kanga gubigubi, na aliposikia maneno yale alijikunja zaidi. Nilidhani ni uchungu wa msiba tu.

Sasa nikuambie ya wiki iliyopita.

Alikuja mwenyewe. Nilifungua mlango kuita jina la kwanza nikamwona amekaa kwenye benchi, kapu la karoti na njegere miguuni, barua ya zahanati mkononi. Barua inasema moyo unaenda mbio, halali usingizi, hali chakula, tangu msiba wa dada yake. Mnavyofanana, Mama! Nilishika fremu ya mlango. Nikamsalimia, nikamwingiza, nikamweleza kipimo kilivyo, nikampa kanga. Akaiangalia ile kanga, akaniangalia mimi.

"Aa, mwanangu, wewe tena? Wewe si ni mtoto wa dada? Basi niandikie tu dawa niende."

Utaamini kwamba nilishusha pumzi tena? Vilevile kama Ijumaa ile. Mkono wangu ulishaanza kunyoosha ile barua ya zahanati ili nimrudishie, na mdomo ulishaanza kusema sawa mama mdogo, hakuna shida. Nikajisikia nasema. Nikakuona kwenye ngazi. Nikaivuta stuli, nikakaa mbele yake, nikasema, "Mama mdogo, naomba tena. Ukikataa namwita daktari, au tunakutafutia mpimaji mwanamke Dodoma hata Dar, lakini leo hutoki humu bila kuangaliwa."

Akaikunjua ile kanga. Kisha akasema, "Haya. Ila utazame hiyo televisheni yako, usinitazame mimi."

Nikatazama televisheni. Moyo wake mzima, Mama. Kuta zinasukuma, milango ya damu inafunguka na kujifunga bila kuvuja hata kidogo, mapigo tu ndiyo yana haraka. Nilianza kuzungumza naye habari za karoti, kisha sauti ikakatika. Nilikuwa namwangalia yeye na nakuona wewe, nawaza kwamba kama ungelala hapa Ijumaa ile ningeona ukuta mmoja umelegea na leo ungekuwa unanicheka. Machozi yakaanza kunitoka. Nikavunja sheria yako kubwa kuliko zote, nikanyamaza mbele ya kioo na mgonjwa ananitazama usoni.

Akainua kichwa. "Umeona nini? Na mimi nakufa?"

"Hapana, mama mdogo. Moyo wako mzima kabisa, haki ya Mungu."

"Sasa unalia nini?"

Nikamwambia. Sikupanga, yalitoka yenyewe. Ngazi, jasho, taya, kicheko, na jinsi nilivyofurahi. Nikamwambia kwamba yule mzee pale makaburini alisema uongo bila kujua, na mimi nilijua nikanyamaza.

Alinyoosha mkono nikampa blauzi yake, nikageukia ukutani. Nilisikia anafunga vifungo kimoja kimoja, polepole sana. Nilishajiandaa. Niliwaza atapanda Mgeta jioni ileile amwambie mjomba wenu, mkubwa wa ukoo, nami nitaitwa kwenye kikao cha ukoo, na ni haki yangu kuitwa. Alipomaliza akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti.

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, mama mdogo."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akanisimulia ambayo hajamsimulia mtu. Kwamba pale mnapovuka mto, kabla ya kile kilima cha nyumbani kwake, ulisimama ukashika bega. Akakuuliza, "Dada, turudi?" Ukamwambia hili bega la kazini tu, twende. Naye alikuwa ameacha maharage jikoni, moto unawaka, na hakuna mtu nyumbani.

"Nilifurahi aliposema twende," aliniambia. "Na mimi nilimuuliza mara moja."

Tangu siku ile hajapika maharage. Makaburini, yule mzee aliposema hakukuwa na dalili, alijua kwamba dalili ilikuwepo na kwamba aliiona yeye peke yake duniani. Miezi mitano, Mama, amebeba mzigo huo kila siku, na mimi mwenye nusu yake nilikuwa huku mjini nasema kazi zimenibana. Kile kimya changu cha makaburini nilidhani kinanilinda mimi tu. Hakikuwa kimemlenga yeye, lakini yeye ndiye kiliyemuumiza.

Tulilia wote wawili, watu wa foleni wakiwa wanasubiri nje. Hakuniambia amenisamehe. Mimi pia sikumwambia maneno ya kumfariji, ningeyatoa wapi? Nilimmiminia chai, akanywa yote, akaniachia karoti. Alipofika mlangoni akageuka: "Uje uwaambie na wengine. Mwenyewe, kwa mdomo wako." Halafu akaenda zake. Jana amenipigia simu kuuliza nitafika lini. Sauti yake ilikuwa na nguvu kidogo.

Nitapanda Jumamosi hii. Safari hii sitaishia stendi. Nitakaa mbele ya mjomba na ndugu wote niseme nilichokuambia hapa, kisha mama mdogo atanileta kwako. Sijui watanipokeaje, na sitaki kujua kabla ya kufika.

Nakuahidi jambo moja. Kila atakayelala hapa, na kila atakayekataa kulala hapa, awe mgonjwa au mfanyakazi mwenzetu, awe mkwe wangu au mama yangu mzazi, nitamuuliza mara ya pili. Na akicheka sitacheka naye.

Nalia tena, na wenzangu wanarudi, nasikia viatu koridoni. Pumzika, Mama yangu. Ulitunza kila mtu aliyepita humu, na sisi tulikusogezea tyubu.

Nje kwenye benchi kuna mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima wa heshima zake, kanga mbili na kitabu cha sala. Asubuhi alipoona mpimaji ni mimi alisema hapana, asante, atakuja siku nyingine. Bado hajaondoka, anasubiri binti yake aje amchukue.

Kwaheri, Mama Anjela. Naweka kalamu chini, nakwenda kumuuliza tena.

Mwanao,
Idrisa